Kumlegezea kamba mtoto mkubwa kwenye matembezi ya familia

Binti yangu wa kwanza yuko darasa la saba. Jumatatu hadi Ijumaa anaamka saa 11 alfajiri, anapanda daladala mbili kwenda shule, anasukumana na watu wazima mlangoni, anamjibu konda anayemnunia kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, na saa 10 jioni yuko nyumbani, sare imechafuka lakini daftari zote zipo. Jumapili tukienda Coco Beach, mtoto huyo huyo nilikuwa namkataza kwenda kununua mihogo mita 30 kutoka tulipotandika khanga.

Siku moja akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mama, kwani Jumapili huwa narudi utotoni?" Sikuwa na jibu. Baba yao akacheka, nikamkata jicho, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani.

Nilichokuja kukiona ni kwamba wengi wetu tuna mambo kinyume. Siku za kazi tunamwachia mtoto jiji zima kwa sababu hatuna namna, halafu siku tunayokuwa naye karibu, mita chache tu, ndiyo tunambana. Wakati siku hiyo ndiyo nzuri ya kumfundishia: akikosea, upo. Hatua zifuatazo ni kwa mwenye mtoto wa kama miaka 9 hadi 15. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam na Unguja kwa sababu ndiko ninakozunguka na wanangu. Wa Mombasa aweke Mama Ngina, wa Kisumu aweke Dunga.

Hatua ya 1: Andika anachokifanya tayari bila wewe

Umri peke yake unadanganya. Nina mpwa wa miaka 14 aliyekulia ndani ya geti, basi la shule linamchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Siku aliyopelekwa Kariakoo na binamu zake, akaachana nao hatua kumi tu, alikutwa amesimama katikati ya njia analia. Mwanangu wa pili ana miaka 10, na anajua duka lipi mtaani linapunja chenji na mbwa wa nani hafungwi mchana. Ukiniuliza nani kati yao aachwe nusu saa kwenye maonyesho, cheti cha kuzaliwa sitakiangalia.

Kaa na karatasi jioni moja kabla ya safari. Usiandike unachotamani aweze, andika ulichokiona kwa macho yako. Anavuka barabara yenye bodaboda, ambazo hutokea hata upande usiotarajiwa? Anaweza kumuuliza mtu mzima njia bila kunong'ona? Anahesabu chenji kabla hajaondoka dukani? Namba yako ya simu anaijua kwa kichwa? (Hili la mwisho lijaribu leo leo. Wengi hawaijui. Imehifadhiwa kwenye simu kwa jina "Mama", basi, na simu ikizima Mama naye kazima.)

Mambo mawili nayapa uzito kuliko yote. La kwanza, akisema anarudi saa fulani, anarudi? La pili, akiharibu, anasema? Mtoto anayeogopa kukwambia kwamba ameangusha elfu tano atabaki anaitafuta mchangani mpaka giza liingie, badala ya kuja uliko. Na kama wako ni wa namna hiyo, kabla hujamlaumu jiulize mara ya mwisho alipokuja na habari mbaya ulimpokeaje. Mimi nilijiuliza. Sikupenda jibu.

Hatua ya 2: Pima mahali kabla ya kumpima mtoto

Maswali ni manne. Pana uzio? Pana magari? Pana maji? Jua likizama tutakuwa bado hapo?

Viwanja vya Sabasaba, vya maonyesho ya biashara Dar, vina uzio na mageti, magari mengi yanabaki nje, na bahari haipo. Tatizo lake ni umati, hasa tarehe 7 Julai yenyewe, siku ya mapumziko, Dar nzima inapoonekana kuhamia Barabara ya Kilwa. Kwa hiyo napeleka wanangu siku za mwanzo wa maonyesho, siku ya kazi ikiwezekana, na siku hiyo nawaachia kamba ndefu. Tukilazimika kwenda tarehe 7, kamba inakuwa fupi, na nawaeleza sababu mapema, nyumbani, kabla hawajavaa viatu.

Mji Mkongwe wa Unguja unatisha wazazi kwa sababu ya vichochoro, ila ukiutazama vizuri ni mahali pa heri kumfundishia mtoto kupotea. Umekaa kama pembetatu: pande mbili ni bahari, upande wa tatu ni barabara kubwa ya Darajani. Mtoto anayetembea bila kurudi nyuma lazima atatokea kwenye moja ya hivyo vitatu, na popote atakapotokea akiuliza "Forodhani wapi?", ile bustani ya pwani, ataonyeshwa. Wanangu niliwapoteza makusudi mara moja, saa 4 asubuhi, mimi nikiwafuata nyuma. Walizunguka dakika 25, wakagombana kona mbili, wakatokea sokoni Darajani wakajifanya ndiko walikokuwa wanakwenda. Usiku sifanyi hivyo. Usiku Mji Mkongwe ni mji mwingine.

Treni ya SGR (reli ya kisasa), iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ni nzuri kwa anayeanza kabisa. Mwache akae behewa la pili na mwenzake, aende mwenyewe kununua maji, arudi. Sharti ni moja: haruhusiwi kushuka kituo chochote cha njiani, hata "kuangalia tu". Treni ya SGR isiyo ya haraka inasimama vituo vya kati, na haimngoji mtu anayepiga picha.

Kariakoo siku ya mkesha wa Idd au Krismasi? Hapana. Shikaneni mikono wote, baba akiwemo.

Jambo moja kuhusu watoto wa ndugu. Sikukuu zetu hatutoki na watoto wetu peke yao. Kuna wa dada, kuna wa shemeji aliyekuja kutoka Singida jana. Uhuru uliompa wako usimpe wa mwenzio kwa mkumbo. Mpigie mama yake uulize. Na kama mmoja kati yao hajui mji, kundi zima litembee kwa kamba yake, la sivyo utampata mtoto wa watu analia na wako wanasema "tulidhani anatufuata".

Hatua ya 3: Chagueni mahali pa kukutania, mkapaguse

Hili nililipa gharama yake. Kijana alikuwa na miaka 9, dada yake 12. Tuko Sabasaba, wanataka kuona wanyama, mimi nataka kukaa. Nikawaambia, "Saa 10 tukutane getini."

Geti lipi? Sikusema. Mimi nilisimama kwenye geti tuliloingilia. Wao wakasimama kwenye geti lililo karibu na walipokuwa, maana nalo ni geti. Dakika 40. Kipaza sauti kinatangaza watoto waliopotea, mmoja wa miaka 4 amevaa fulana ya njano, mwingine hataki kusema jina lake, na kila tangazo likianza roho inaniruka. Nilipowapata, binti amemketisha mdogo wake ukingoni wanakula bisi. Hawakuwa wamepotea. Walikuwa pale nilipowaagiza, na kwa hesabu yao aliyepotea ni mimi.

Sasa tunafanya hivi. Tukifika tu, kabla ya kununua chochote, tunaenda wote hadi mahali tulipochagua na kila mtu anapagusa kwa mkono. Nguzo, mlango, ukuta, mti mkubwa. Wanangu wanaona ni ushamba, lakini mkono unakumbuka kuliko sikio. Mahali penyewe pawe ni kitu kisichohama: si mkokoteni wa muuza miwa, si gari la barafu, si banda ambalo mwenyewe atafunga saa 11. Paonekane kwa mbali. Na pasiwe na pengine pa aina hiyo. "Msikitini", "getini", "chooni" hayo si majina ya mahali penye watu elfu kadhaa. Forodhani sisi tunatumia lango la Ngome Kongwe, linalotazamana na bustani. Ngome yenyewe imekaa hapo karne kadhaa, sina wasiwasi itahama.

Kisha mwambie mtoto akurudishie kwa maneno yake. Usiulize "umeelewa?" Kila mtoto ameelewa. Uliza, "Tukipotezana, unaenda wapi, na unafanya nini ukifika hunikuti?" Jibu ninalolitaka ni: "Nabaki hapo hapo." Anayetafuta ni mzazi. Mtoto hatafuti, maana watu wawili wanaotafutana wanaweza kupishana mpaka jioni.

Hatua ya 4: Anza na dakika 20

Duru ya kwanza iwe fupi na yenye kazi moja: nenda kaangalie banda lile, rudi uonyeshe sura. Nyumbani kwetu hilo ndilo jina lake, kuonyesha sura. Hakai, hahojiwi, anaonekana tu, anakunywa maji, anaondoka kwa duru ya dakika 40. Ikienda vizuri, saa nzima. Akichelewa, duru inayofuata inarudi dakika 20. Simfokei na wala siiti adhabu. Kamba imefupishwa, anajua na yeye.

Saa ziwe za kusomeka. Sisi Waswahili "nakuja sasa hivi" inaweza kumaliza mechi nzima ya mpira, na watoto wameirithi kwetu. Sema "saa 9 na nusu", na mvalishe saa ya mkono, ile ya plastiki inayouzwa mtaani kwa bei ya sahani ya chipsi. Simu si saa. Akitoa simu kuangalia muda ataangalia na mengine.

Mwisho wa duru zote ni kabla ya giza. Julai jua linazama Dar kama saa 12 na dakika 20, Januari kama saa 12 na robo tatu, na huku kwetu giza halibishi hodi. Saa 11 na nusu kila mtu yuko mkekani.

Hatua ya 5: Simu na pesa

Mpe simu kama ipo, ila panga kana kwamba haipo. Kwenye umati mtandao unazidiwa, chaji inaisha, mfuko unachanika. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kilichojaa chaji kinashinda simu kubwa yenye asilimia 12, na hakimvutii kibaka. Namba yako iwe kichwani mwake, na siku hiyo iandike kwa peni ndani ya mkono wake, juu ya kiwiko, mahali pasipofutika kwa kunawa. Mfundishe pia namba 116, ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bure Tanzania na hata Kenya, na 112 ya dharura.

Pesa mpe taslimu, noti ndogo ndogo. Elfu tano ya noti za elfu moja ina usalama kuliko noti moja ya elfu kumi, ambayo ikitolewa hadharani inatangaza mwenyewe ni nani, na ambayo muuzaji "hana chenji, subiri kidogo". Nauli ya kurudi ikae kwenye soksi na isihesabiwe kama pesa. Ya choo cha kulipia nayo itengwe, maana mtoto akiishiwa atajibana mpaka aumwe kuliko kuja kuomba. Kwa binti anayekua hili lina uzito wake, mpakie na vitu vyake kwenye kibegi bila kumsubiri aseme.

Na hili liwe sheria: bei inaulizwa kabla ya kushika. Ukishashika mshikaki umeshanunua. Kijana wangu alijifunza hilo akiwa na sahani mkononi, amechaguliwa vitu vinne vizuri sana na muuzaji mwenye tabasamu, ndipo akasomewa hesabu. Nilimwacha alipe. Alibaki na mia tano kwa jioni nzima, na tangu hapo ukimpa mkate anauliza bei.

Hatua ya 6: Mpe maneno ya kusema, na mfanyie mazoezi

Tulilelewa kwa "usiongee na usiowajua". Ushauri huo unamfunga mtoto aliyepotea: wote waliopo ni watu asiowajua, kwa hiyo ananyamaza. Mbadala wake ni kumfundisha yeye ndiye achague wa kuongea naye. Achague mama mwenye watoto, au muuzaji aliyekaa na biashara yake ambaye hawezi kuiacha akaondoka, au askari mwenye sare. Asiende na anayemfuata yeye kujitolea. Na akishapata mtu, sentensi ni fupi: "Shikamoo mama, nimepotezana na wazazi, naomba unipigie namba hii." Anasimama hapo hapo. Hapandi gari, haingii ndani, haendi "pale tu".

Kuna jambo gumu zaidi, nalo linatuhusu sisi hasa. Watoto wetu wamefundishwa kwamba mkubwa akiagiza, unatii. Shikamoo inafuatwa na mguu. Sasa mtu mzima mwenye shati safi akimwambia "Mama yako kanituma nikuchukue, yuko kule kwenye gari", mtoto mwenye adabu njema ndiye atakayekwenda. Lazima umruhusu kwa mdomo wako, siku ya kawaida, mkiwa mnakula: heshima ni kumwamkia, si kumfuata. Sisi tuna neno la siri. Mtu yeyote akija kwa jina langu bila neno hilo, jibu ni "samahani, nasubiri hapa", akisisitiza, kelele. Niliposema mtu yeyote nilimaanisha hata mjomba. Binti aliniangalia sana hapo, na sikukwepa macho yake. Wanaodhuru watoto mara nyingi ni watu ambao mtoto anawajua na kuwaamkia, na hilo mtoto wa miaka 12 anatosha kulisikia kwa lugha nyepesi.

Fanyeni mazoezi. Kijana wangu anapenda kuigiza mtekaji, anavaa miwani ya baba yake, sebule inageuka sinema. Wacha wacheke. Kinachotakiwa ni maneno yatoke bila kutafutwa.

Kwa mabinti kuna nyongeza. Kuanzia miaka 11, 12 hivi ataanza kuitwa "mrembo", "sista, njoo mara moja", na wengine umri wa baba yake. Usijifanye halipo, na usilitumie kumfungia ndani huku kaka yake wa miaka 10 anazurura. Mpe la kufanya: hasimami, hajibu, haelezi, anaelekea kwenye mama yeyote mwenye biashara. Na mabinti watembee wawili wawili, kwenda chooni hasa. Ukweli ni kwamba nawapa kamba zinazotofautiana urefu, na binti amenilalamikia. Nilichoweza kumwahidi ni kwamba tofauti hiyo nitaieleza kila mara, sitasema "kwa sababu wewe ni msichana" halafu ninyamaze.

Hatua ya 7: Usimfungashie mdogo wake

Tunasema, "Haya, nendeni mkatembee, umwangalie mdogo wako." Hapo umempa kazi na umeiita uhuru. Wa miaka 13 aliyeshika mkono wa wa miaka 4 haoni maonyesho, anaona kichwa cha mdogo wake. Na akimpoteza, mzigo anaoubeba si wa umri wake.

Mdogo akae na wewe duru nzima ya mkubwa. Kama siku hiyo unahitaji msaada wa kumwangalia mdogo, sema hivyo waziwazi, weka muda wake na umshukuru, kisha mpe mkubwa saa yake mwenyewe ya kutembea mikono mitupu. Wa miaka 10 na wa miaka 13 wakitembea pamoja, kila mmoja anajibeba. Simpi mkubwa ukamanda. Wote wawili wanajua mahali pa kukutania na wote wana saa.

Shangazi mtu hatakubaliana na hatua hii. Atasema yeye alilea wadogo watatu akiwa na miaka 9. Ni kweli alilea. Mpe chai.

Hatua ya 8: Maji yana sheria yake

Yote niliyoyasema hapo juu yanakoma ufukweni. Mtoto aliyekomaa, anayerudi kwa wakati, anayejua kukataa, bahari haimjui. Baharini hakuna duru za dakika 20. Akiingia majini, mtu mzima mmoja aliyekubali kazi hiyo kwa jina lake anamwangalia, simu iko mfukoni. Wazazi sita wakikaa mkeka mmoja, kila mmoja anadhani mwingine anaangalia. Sisi tunapokezana kofia: mwenye kofia ndiye mwenye macho, hasimulii hadithi, haendi kununua kitu mpaka amvishe mwingine.

Kuogelea kwenye bwawa la hoteli si kujua bahari. Mweleze maji yanavyokwenda: yanajaa kwa saa 6 na ushee, yanapwa kwa saa 6 na ushee, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo ufukwe uliouona Jumapili iliyopita saa 9 si huo wa leo saa 9. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbali na yanarudi kwa nguvu. Watoto hupenda kutembea hadi kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamekupwa. Maji yakianza kujaa hayaji kwa mbele tu ambako wanatazama, yanapita pembeni, yanajaza bonde lililo nyuma yao. Wanapogeuka, pale walipopita wakiwa wamelowa vifundo pana maji ya kifua. Sheria yetu: kabla ya kwenda fungu lolote unamuuliza mvuvi au mwenye ngalawa maji yanafanya nini sasa, na majini ukomo ni kiunoni.

Pale Forodhani jioni utaona vijana wanaruka kutoka ukutani, wanapinduka hewani, watu wanapiga picha. Wako ataomba. Wale wamezaliwa na ukuta ule, wanajua maji yakiwa kiasi gani ndipo panarukika. Mwambie aangalie mpaka achoke, na anunue urojo.

Kwenye boti au kivuko asimame unapomwona. Boti ndogo za kwenda visiwani, kila mtu boya la kuvaa, hata baba anayejua kuogelea. Hasa huyo.

Hatua ya 9: Ukishamwachia, mwachie, akichelewa, jua utafanya nini

Usimfuate kwa kujificha nyuma ya mabanda. Akikuona mara moja, kazi yote imeharibika. (Ile ya Mji Mkongwe nilikuja kuwaambia baadaye. Walikasirika, kwa haki.) Kaa mahali ulipomwambia utakaa. Hilo ni sharti lako wewe: mzazi aliyeahidi kuwa chini ya mwembe asiondoke kwenda kusalimia watu.

Dakika 10 za kwanza za kuchelewa, subiri. Zikipita, mmoja wenu anabaki mahali pa kukutania na hasogei kwa sababu yoyote. Mwingine anakwenda moja kwa moja mahali mtoto alipoaga kwamba anaelekea, kwa njia ambayo mtoto angeitumia kurudi. Ikifika nusu saa, nenda kwa askari na kwa watangazaji, useme jina, umri, na nguo. Hapo ndipo utagundua hukumbuki alivaa nini, kwa hiyo asubuhi kabla ya kutoka piga picha moja ya wote wakiwa wamesimama. Ufukweni usingoje hata hizo 10. Anza na maji.

Akirudi, mkono usitangulie. Najua hasira inayokuja baada ya hofu, imenipanda mara nyingi. Ila ukimzaba kibao mbele ya watu, atakachojifunza ni kutorudi akiwa amechelewa. Mkalishe, mpe maji, mwulize "Ilikuwaje?" na ungoje jibu lote. Mara nyingi utasikia kitu kinachoweza kurekebishwa: saa ilisimama, foleni ilikuwa ndefu, alimsubiri mwenzake atoke chooni.

Njiani kurudi usimhoji. Mwaka jana, ndani ya basi kutoka kituo cha Uhasibu, jirani na Sabasaba, nilijibana nisiulize kitu. Tulipofika Mtongani kijana alikuwa ameanza mwenyewe habari za chatu, ana urefu gani, anakula mara ngapi, na yule mtu aliyemshika alikuwa na kovu wapi. Binti alikuwa dirishani, kimya. Tukikaribia Zakhem akanifungua kiganja akaniwekea chenji, mia tatu, sarafu zimelowa jasho, akasema mwakani anataka saa nzima tangu duru ya kwanza. Nikamwambia dakika 40. Tumekubaliana 45.